Mnyoo Aliyekwama Utotoni

Caenorhabditis elegans ni mnyoo wa urefu wa milimita moja. Huishi udongoni na penye matunda yaliyooza, hula bakteria, na huchukua siku tatu hivi kutoka yai hadi kuwa mzima. Mwili wake unapenya mwanga, kwa hiyo ukimweka chini ya hadubini unaziona seli zake zikigawanyika naye yu hai. Yule anayetaga mayai, akikomaa, huwa na seli 959 za mwili, ukiacha zile za uzazi. Hazizidi, hazipungui.

Miongoni mwa minyoo waliofugwa katika maabara ya Sydney Brenner huko Cambridge, Uingereza, walipatikana wachache ambao hesabu yao haikwenda sawa. Walikula, wakarefuka, na mayai wakawa nayo tumboni, lakini tundu la kutagia halikujengeka. Mayai yakaanguliwa mumo humo, na watoto wakamla mama yao kwa ndani. Jeni iliyoharibika kwa minyoo hao ilipewa jina la lin-4. Ilikuja kujulikana imeundwa vipi baada ya miaka mingi, na jibu lililopatikana halikuwamo katika kitabu chochote cha baiolojia cha wakati huo.

Historia ya jeni hiyo na jamaa zake, ambazo leo huitwa maikroRNA, ni historia ya wanasayansi kujifunza jambo moja kwa taabu: mwili haujengwi kwa kuwasha jeni tu, hujengwa pia kwa kuzinyamazisha saa yake inapofika. Saa ikipotea, mtoto hakui sawasawa, na mtu mzima huugua.

Ukoo wa seli

Brenner alimchagua mnyoo huyu miaka ya 1960 kwa sababu ya uduni wake. Alitaka mnyama mwenye neva, misuli na utumbo, lakini mwenye seli chache kiasi cha kuhesabika. Mwenzake John Sulston alikaa kwenye hadubini miaka na miaka akifuatilia seli moja moja: imetoka kwa mama yupi, imegawanyika saa ngapi, imekuwa msuli au neva, au imekufa njiani. Mmarekani Robert Horvitz alijiunga nao katika kazi hiyo kabla ya kurudi kwao na kufungua maabara katika chuo cha MIT. Kufikia 1983 ukoo mzima wa seli za mnyoo, kutoka yai lililorutubishwa hadi mnyoo mzima, ulikuwa umeandikwa. Brenner, Horvitz na Sulston walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2002.

Ukoo huo ndio uliowezesha kasoro ya lin-4 kusomeka. Mnyoo wa kawaida hupitia hatua nne za utoto, na kila hatua ina migawanyiko yake ya seli. Mwaka 1981 Martin Chalfie, Horvitz na Sulston walieleza kwamba seli za mnyoo mwenye kasoro ya lin-4 zilifanya kazi ya hatua ya kwanza, kisha badala ya kusonga mbele zikairudia, zikairudia tena. Mnyoo huyo alikuwa kama fundi aliyemaliza msingi wa nyumba, kesho yake akaja kumwaga msingi mwingine juu ya ule ule, asijue kwamba zamu ya kuta imefika. Tundu la kutagia hujengwa katika hatua za baadaye, na hatua hizo kwake hazikufika.

Ikapatikana jeni nyingine, lin-14, iliyofanya kinyume chake. Lin-14 ikiharibika na kukosa nguvu, mnyoo huiruka kazi ya hatua ya kwanza na kukimbilia ya mbele. Na mabadiliko fulani yakiifanya lin-14 ikatae kuzimika, mnyoo hubaki utotoni kama yule wa lin-4. Jeni mbili hizi, kwa hiyo, zilikuwa zikivutana juu ya wakati. Nani alikuwa akimwamuru mwenzake?

Boston, pande mbili za mto

Swali hilo lilichukuliwa na vijana wawili waliofika katika maabara ya Horvitz wakiwa wamekwisha pata shahada zao za uzamivu. Victor Ambros, aliyezaliwa 1953, alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Vermont na kusoma virusi vya polio kwa David Baltimore. Gary Ruvkun, aliyezaliwa Berkeley, California, mwaka 1952, alitokea Harvard. Walipofungua maabara zao wenyewe katikati ya miaka ya 1980 waligawana kazi. Ambros, aliyekuwa Harvard, alibaki na lin-4. Ruvkun, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts jijini Boston, alibaki na lin-14.

Ambros alikuwa amekwisha onyesha kwamba lin-4 ndiyo inayoizima lin-14. Kila mtu alidhani amebakiza hatua moja: kuipata lin-4, kuona ni protini gani inayotengeneza, kisha kueleza jinsi protini hiyo inavyofanya kazi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kawaida ya jeni. DNA hunakiliwa kuwa RNA mjumbe, mjumbe husomwa, protini hutoka, na protini ndiyo hufanya kazi.

Kazi ya kuisaka lin-4 ilifanywa na Rosalind Lee, ambaye pia ni mke wa Ambros, pamoja na Rhonda Feinbaum. Njia yenyewe ilikuwa ya uvumilivu. Walichukua vipande vya DNA ya mnyoo mzima wa afya, wakaviingiza katika minyoo wenye kasoro, wakatazama ni kipande kipi kitakachowaponya. Kipande kilichoponya wakakikata kikawa kidogo zaidi, wakajaribu tena. Mwishowe walibaki na kipande chenye herufi za DNA chini ya 700 ambacho bado kiliponya. Katika nafasi finyu hivyo protini ya maana ilikuwa shida kuingia. Wakaharibu kwa makusudi kila sehemu ambayo ingeweza kusomwa kuwa protini, na mnyoo akapona vilevile. Wakaitafuta jeni hiyo katika minyoo wa jamii za karibu, wakaona kwamba palipofanana hapakuwa na protini.

Ikabidi waitafute RNA yenyewe. RNA za mnyoo hutiwa kwenye jeli na kusukumwa kwa umeme. Kubwa hukokota nyuma, ndogo hukimbia mbele. Kisha huhamishiwa kwenye utando, ukapitishiwa kipande cha DNA chenye mnururisho kinachoshikana na ile inayotafutwa tu, na filamu huwekwa juu ya utando huo hadi alama ijichore. Filamu ya lin-4 ilionyesha mistari miwili. Mmoja ulikuwa wa RNA yenye herufi kama 61. Mwingine ulikuwa chini kabisa, mahali ambapo watafiti wengi hawakuwa na sababu ya kuangalia, kwa sababu RNA za urefu huo zilichukuliwa kuwa makapi ya zilizokatikakatika: herufi kama 22. Hakuna aliyekuwa ameona jeni ya mnyama ambayo zao lake ni dogo hivyo.

Upande wa pili, Ruvkun na wanafunzi wake Bruce Wightman na Ilho Ha walikuwa wamekutana na ajabu nyingine. Minyoo ambao lin-14 yao ilikataa kuzimika hawakuwa na dosari katika sehemu inayosomwa kuwa protini. Walipungukiwa na kipande cha mkia wa RNA mjumbe, ile sehemu inayofuata baada ya maagizo kwisha. Tena, katika mnyoo mwenye afya, protini ya lin-14 ilipotoweka, RNA mjumbe wake alikuwa bado yumo kwa wingi. Mjumbe alikuwepo na ujumbe anao, ila kuna kitu kilichozuia usisomwe.

Juni 1992 maabara mbili zilipeana mifuatano ya herufi. Katika RNA, herufi A hushikana na U, na G hushikana na C. Ambros alitazama mkia wa lin-14 akiwa na ile RNA ndogo ya lin-4, na Ruvkun akafanya hivyo hivyo kwake. Wote wawili waliona jambo lile lile: herufi za lin-4 zilikuwa na mwenza katika mkia wa lin-14, si mahali pamoja, bali saba. Lin-4 haikuhitaji kuwa protini. Yenyewe, kwa herufi zake 22, ilikwenda kujibandika kwenye mkia wa mjumbe na kumnyamazisha.

Makala mbili zilitoka bega kwa bega katika jarida la Cell, tarehe 3 Desemba 1993. Moja ilitiwa saini na Lee, Feinbaum na Ambros, nyingine na Wightman, Ha na Ruvkun. Ambros alikuwa amekwisha hamia Chuo cha Dartmouth, New Hampshire, baada ya kukosa nafasi ya kudumu Harvard.

Miaka saba ya upweke

Mapokezi yalikuwa ya adabu na ubaridi. Lin-4 ilitafutwa kwa wanyama wengine, haikuonekana. Wengi wakahitimisha kwamba hiyo ni desturi ya ajabu ya mnyoo mmoja, haimhusu binadamu. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, lakini kwa miaka saba hakuna aliyeumia kwa kuudharau mwiba huu, maana ulikuwa mmoja tu duniani.

Wa pili ulipatikana na kundi la Ruvkun, ukatangazwa mwanzoni mwa mwaka 2000. Jeni hiyo, let-7, ilifanya kazi mwishoni mwa utoto, pale mnyoo anapoingia utu uzima. Ikiharibika, mnyoo hupasuka na kufa anapofika ukingoni mwa ukubwa. Nayo haikutengeneza protini. Ilitoa RNA yenye herufi zifikazo ishirini na ushei, UGAGGUAGUAGGUUGUAUAGUU, na ilijibandika kwenye mikia ya wajumbe kama lin-4.

Safari hii walipoitafuta kwingine waliiona. Wakati huo mfuatano wa jeni za nzi wa matunda ulikuwa umechapishwa, na wa binadamu ulikuwa unakaribia. Amy Pasquinelli, katika maabara ya Ruvkun, alizitafuta herufi hizo katika RNA za wanyama wa kila namna. Novemba 2000 alitangaza katika jarida la Nature kwamba let-7 ipo kwa nzi, kwa konokono na jamaa zake, kwa samaki na kwa binadamu. Herufi zilizo ndani ya mnyoo wa milimita moja ndizo zilizo ndani ya mapafu ya mtu. Wanyama hao waliachana na babu yao wa pamoja zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na muda wote huo herufi hizo hazikuguswa. Kitu kisicho na kazi hakitunzwi hivyo.

Uwanja nao ulikuwa umeandaliwa na wengine. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwamba RNA yenye nyuzi mbili ikiingizwa katika mnyoo huzima jeni inayolingana nayo, kazi iliyowapa Nobel mwaka 2006. Mwaka 1999 Andrew Hamilton na David Baulcombe, Uingereza, walikuta RNA fupi za herufi kama 25 katika mimea iliyokuwa ikizima jeni zake. RNA fupi zilikuwa zimeanza kuonekana kila pembe.

Tarehe 26 Oktoba 2001 jarida la Science lilitoa makala tatu kwa mpigo: ya Thomas Tuschl na wenzake huko Göttingen, Ujerumani, ya David Bartel na wenzake MIT, na ya Lee na Ambros. Kwa pamoja zilieleza RNA za namna hiyo kwa makumi, kutoka kwa minyoo, nzi na binadamu, na ndipo jina la maikroRNA lilipoanza kutumika. Leo zinazojulikana kwa binadamu zinapita 1,000.

Jinsi zinavyofanya kazi

Miaka iliyofuata ilikwenda katika kuifungua mashine. MaikroRNA haizaliwi ikiwa fupi. Jeni yake hunakiliwa kuwa RNA ndefu inayojikunja na kujishika yenyewe, ikaacha kitanzi upande mmoja. Ndani ya kiini cha seli, kimeng'enya kiitwacho Drosha, ambacho kazi yake ilibainishwa na V. Narry Kim na wenzake jijini Seoul mwaka 2003, huikata ibaki kipande kidogo chenye kitanzi. Kipande hutoka nje ya kiini, na huko kimeng'enya cha pili, Dicer, hukiondoa kitanzi. Uzi mmoja kati ya miwili iliyobaki huingizwa ndani ya protini iitwayo Argonaute. Argonaute ndiyo huzunguka na uzi huo ikitafuta mikia ya wajumbe inayolingana nao. Ikimpata mjumbe wa namna hiyo, kusomwa kwake hupungua na hatimaye huvunjwa.

Jambo lililobadilisha mtazamo wa wengi ni ufinyu wa ulinganifu unaotakiwa. Herufi ya pili hadi ya nane, yaani herufi saba, mara nyingi zinatosha. Mfuatano wa herufi saba unaweza kupatikana katika mikia ya mamia ya wajumbe. Mwaka 2005 kundi la Bartel lilikadiria kwamba zaidi ya theluthi ya jeni za binadamu zinazotengeneza protini ziko chini ya usimamizi huu, na hesabu za baadaye zikavuka nusu. Lin-4 na lin-14 zilikuwa zimetupa picha ya mmoja kwa mmoja. Ukweli ulikuwa wavu: maikroRNA moja hugusa jeni nyingi, kila moja kidogo, na jeni moja huguswa na maikroRNA nyingi.

Umuhimu wa wavu huo kwa mtoto anayeumbika ulionekana ulipokatwa. Mwaka 2003 panya walitengenezwa bila Dicer, na viinitete vyao vilikufa mapema sana. Kwa samaki wadogo waitwao zebrafishi, Antonio Giraldez na Alexander Schier walikwenda hatua zaidi. Waliondoa Dicer ya mama iliyoachwa ndani ya yai pamoja na ya mtoto mwenyewe. Kiinitete kilipata kichwa na mkia na aina nyingi za seli, lakini ubongo na moyo havikuumbika vizuri. Kisha wakakidunga maikroRNA moja tu, miR-430, na ubongo ukajengeka karibu na kawaida. Uchunguzi uliofuata ulieleza sababu. Yai hubeba RNA wajumbe wa mama, ambao ndio huendesha saa za mwanzo. Mtoto anapoanza kutumia jeni zake, miR-430 huwaondoa mamia ya wajumbe hao wa mama. Wasipoondoka, maagizo ya zamani hupigana na mapya. Ni kisa cha lin-4 kwa mnyama mwenye uti wa mgongo: zamu ya kwanza isipokwisha, ya pili haipati nafasi.

Kondoo nao walitoa ushahidi wao. Kondoo wa aina ya Texel, waliotokea kisiwa cha jina hilo huko Uholanzi, wanapendwa na wachinjaji kwa unene wa misuli ya mapaja. Mwaka 2006 Michel Georges na wenzake wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, walifuatilia chanzo cha unene huo hadi kwenye herufi moja katika mkia wa jeni ya myostatini, jeni ambayo kazi yake ni kuzuia misuli isipite kiasi. G ilikuwa imegeuka A. Mgeuko huo haukubadilisha protini hata chembe. Ulichofanya ni kuunda, kwa bahati tu, mahali pa kujibandika miR-1 na miR-206, maikroRNA zilizojaa kwenye misuli. Myostatini ikapungua, misuli ikanona. Wafugaji walikuwa wamechagua kwa macho kitu ambacho baiolojia ilikuwa haijakipa jina.

Ugonjwa

Upande wa maradhi ulifunguliwa Philadelphia mwaka 2002. Carlo Croce na George Calin walikuwa wakichunguza leukemia sugu ya limfositi, saratani ya damu inayowapata zaidi wazee. Ilijulikana kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa hupoteza kipande cha kromosomu ya 13. Mantiki ilikuwa kwamba ndani ya kipande hicho mna jeni inayozuia saratani. Ilisakwa kwa miaka, na kila jeni ya protini iliyopimwa ilikutwa haina hatia. Walipotazama upya baada ya habari za 2001, walikuta kwamba ndani ya eneo hilo zimekaa maikroRNA mbili, miR-15a na miR-16-1, na kwa wagonjwa wengi zilikuwa zimepotea au zimepungua.

Mwaka 2005 kundi hilo hilo lilieleza namna mojawapo zinavyozuia ugonjwa. Hujibandika kwenye mjumbe wa BCL2, protini inayozizuia seli zisife. Zikikosekana, BCL2 huzidi, na seli za damu zilizopaswa kufa kwa zamu yake huendelea kuishi na kurundikana. Saratani hiyo, kwa wagonjwa hao, ni kukosekana kwa kizuizi.

Mifano ikafuatana. Let-7 ilikutwa imepungua katika saratani za mapafu, na mwaka 2005 kundi la Frank Slack lilionyesha kwamba let-7 huibana RAS, jeni maarufu ya saratani. Mwaka huo huo ikaonekana kwamba kundi la maikroRNA liitwalo miR-17-92 hufanya kinyume: likizidi, huchochea saratani ya limfu kwa panya. MaikroRNA zikawa na pande mbili, walinzi na wachochezi, kutegemea ni nani wanayemnyamazisha na katika seli ipi.

Mwaka 2009 yalikuja magonjwa ya kurithi. Katika familia za Uhispania ambazo watu hupoteza usikivu hatua kwa hatua, watafiti wa Madrid walikuta herufi moja imebadilika ndani ya miR-96, tena katika zile herufi saba za kushikia. MaikroRNA hiyo hukaa katika seli za sikio la ndani zinazopokea sauti. Wakati huo huo watafiti wengine walikuta panya viziwi wenye kasoro ya jeni hiyo hiyo. Na Ashley Hill na wenzake wakatangaza katika Science kwamba familia zinazopatwa na saratani moja adimu ya mapafu ya watoto wadogo huwa na nakala mbovu ya DICER1, jeni inayotengeneza ile mashine ya kukata vitanzi. Mnyoo wa Cambridge alikuwa amepoteza maikroRNA moja. Watoto hawa, katika seli za uvimbe wao, walikuwa wameharibikiwa na utengenezaji wenyewe.

Tiba iliyochelewa

Kama maradhi hutokana na maikroRNA kupungua au kuzidi, ilionekana rahisi kuiongeza au kuizuia. Majaribio mawili yanasimulia kilichotokea.

La kwanza lilihusu homa ya ini aina ya C. Mwaka 2005 Catherine Jopling na Peter Sarnow wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jambo lisilotarajiwa. Ini limejaa miR-122, na kirusi cha homa hiyo hakidhuriki nayo. Hukiwezesha. Hujibandika mwanzoni mwa RNA ya kirusi na kukisaidia kuzaana. Basi ukiinyima miR-122 nafasi, kirusi hukosa msaada. Kampuni ya Santaris ya Denmark ilitengeneza dawa ya kuifunga, miravirsen. Matokeo ya wagonjwa 36 yalichapishwa mwaka 2013 katika jarida la tiba la New England. Kiasi cha virusi kilishuka kadiri dozi ilivyopanda, na kwa baadhi ya waliopata dozi kubwa virusi havikuonekana tena katika vipimo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kutibiwa kwa kulenga maikroRNA. Lakini Desemba ya mwaka huo huo Marekani iliidhinisha sofosbuvir, kidonge kinachokishambulia kirusi chenyewe, na katika muda mfupi vidonge vya aina hiyo vikawa vinaponya wagonjwa walio wengi kwa wiki chache. Miravirsen ilifanya kazi, ila mlango ulikuwa umekwisha fungwa na wengine.

La pili lilikwisha vibaya. MiR-34a hupungua katika saratani nyingi, na katika wanyama ikirudishwa hupunguza uvimbe. Kampuni ya Mirna Therapeutics ya Texas iliipakia katika matone madogo ya mafuta, ikaiita MRX34, na kuanza kuwapa wagonjwa wa saratani mwaka 2013. Wachache uvimbe wao ulipungua. Wengine kinga zao za mwili zilichachamaa, na wagonjwa wanne wakafa. Septemba 2016 jaribio lilisimamishwa.

Ule wavu uliostaajabisha maabara ndio uliokuwa mgumu hospitalini. Dawa nyingi hulenga protini moja. Ukiongeza maikroRNA moja unagusa mamia ya jeni kwa wakati mmoja, si katika uvimbe tu bali popote dawa inapofika. Hata upimaji haukuwa mwepesi. Mwaka 2008 watafiti wa Seattle walionyesha kwamba maikroRNA za saratani ya tezi dume huonekana katika damu na hudumu humo bila kuoza, na matumaini ya kuigundua saratani kwa tone la damu yakapanda. Kisha ikaonekana kwamba chembe nyekundu za damu zikipasuka wakati wa kuchukua sampuli, hutoa maikroRNA zake zenyewe na kuvuruga hesabu.

Tuzo, na kilichofika kwa wagonjwa

Tarehe 7 Oktoba 2024 Taasisi ya Karolinska jijini Stockholm ilitangaza kwamba Nobel ya tiba imekwenda kwa Ambros, aliyekuwa wakati huo Chuo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, na Ruvkun wa Hospitali Kuu ya Massachusetts na Harvard. Wengi waliuliza mbona Rosalind Lee, ambaye jina lake ndilo la kwanza katika makala ya Cell ya mwaka 1993, hakutajwa. Kanuni za tuzo zinaruhusu watu watatu, na waliotajwa walikuwa wawili. Swali hilo halina jibu la kuridhisha, na filamu ile yenye mstari wa herufi 22 ilitoka katika kazi ya Lee na Feinbaum.

Tuzo ilikuja pasipokuwa na dawa ya maikroRNA iliyoidhinishwa kwa ugonjwa wowote. Wapo waliouliza basi manufaa yako wapi. Jibu mojawapo liko kwa familia za DICER1. Saratani ile ya mapafu huanza mara nyingi kama uvimbe wenye mifuko ya hewa kwa mtoto mchanga asiyeonyesha dalili, na katika hatua hiyo upasuaji unaweza kumponya. Ikiachwa mpaka mtoto ashindwe kupumua, huwa imegeuka ya hatari zaidi. Sasa jeni ikijulikana kwa mmoja wa familia, ndugu zake hupimwa, na mtoto aliyeirithi hupigwa picha za kifua tangu miezi ya mwanzo ya maisha. Wengi wa waliorithi jeni hiyo hawapati saratani hiyo. Kwa anayepata, tofauti kati ya kuonwa mapema na kuonwa baadaye ni kubwa.

Hakuna anayezirekebisha maikroRNA za mtoto huyo. Daktari anachokijua ni kwamba katika mapafu yake kuna seli zinazoweza kukwama katika zamu ya utotoni, na anajua ni miezi ipi ya kuzivizia. Ujuzi huo wa wakati ndio uliokuwa ukitafutwa tangu mwanzo kwa mnyoo asiyeweza kutaga, na ndio uliotangulia kufika wodini kabla ya dawa.